Bastola Isiyoingia Mkobani

Missouri City, 4 Machi 2018

Kalume mdogo wangu,

Wewe na Tania mkeo, nawasalimu nyote wawili, na kama mnasinzia wakati wa misa kama zamani, hiyo ni juu yenu. Sisi huku tuko wima. Mélissa wangu ameanza mafundisho ya kipaimara na anaimba kwaya ya vijana. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, tena kwa kunihurumia, kama vile mimi ndiye mtoto. Mimi bado niko hotelini natandika vitanda. Mgongo unalalamika, lakini wa nani haulalamiki.

Nakuandikia kwa mkono, kama tulivyozoea kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, kwa sababu simu yangu Mélissa anaishika kuliko mimi mwenyewe, na mwandiko wa Kiswahili yeye hawezi kuusoma. Leonce atakuletea. Lori lake linapita Grand Prairie, asipotumwa kwingine. Nimempa na ndagala, dagaa wa kwetu. Usigawe zote kazini, nakujua.

Sasa neno lenyewe. Ile picha ya Krismasi, wewe na yule rafiki yako Mkenya, Kiplagat, mmevaa vizibo vya masikio na kushika bastola mkicheka. Nilikutukana siku ile. Nilisema mtu aliyetoka tulikotoka sisi, akishika bunduki kwa kujifurahisha, basi kichwa chake kina kasoro. Nimebadili mawazo. Kuna wanawake huku wanafanya mashindano ya shabaha Jumamosi, ya kirafiki tu, na mimi nataka kuingia. Nichagulie bastola. Iwe ile ya kuzunguka, rivolva, kama yako, maana zile nyingine zina mambo mengi. Niandikie ipi inanifaa.

Na usimwanzie dada yako mkubwa maswali yako.

Yaya wako,
Cécile


Grand Prairie, 25 Machi 2018

Yaya,

Ndagala zimefika, Tania amezificha nyuma ya mchele ili Kiplagat asizione. Tania anakusalimu sana. Ameanza kazi ya kuhudumia wazee huko Cedar Hill, anarudi amechoka mpaka anakula amefumba macho. Mimi ghala ni lile lile, maboksi ni yale yale.

Yaya, nimesoma barua yako mara mbili nikadhani Leonce amenichezea! Wewe? Wewe uliyetoka dukani umeacha vitu juu ya meza ya malipo kwa sababu askari mwenye bastola alisimama nyuma yako? Haya, umesema nisiulize. Siulizi. Nimefurahi, na nikifurahi unajua ninavyosema sana, kwa hiyo keti.

Wanaoanza wote wanakosea hapa: wanataka nyepesi. Usikubali! Bastola nyepesi inakurushia teke lote mkononi, ukipiga mara chache unaanza kuiogopa. Chukua nzito, chuma kitupu, itameza teke yenyewe. Mtutu uwe wa inchi nne, usishuke hapo, maana mtutu mfupi ndio unaokosesha watu shabaha. Utafute inayoweza kula risasi kubwa za mia tatu hamsini na saba, halafu wewe uilishe zile za thelathini na nane, laini, ambazo hazikuchoshi. Kishikio kijae mkononi, na kidole kifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Na kifyatulio chenyewe kina mvuto mrefu, unavuta taratibu bila kushtua, kama unavyopandisha ndoo kisimani ukiwa hutaki maji yamwagike. Kwenye uwanja wa shabaha wanakodisha. Jaribu kadhaa kabla hujanunua, usinunue kwa macho.

Sisi tunapiga vibamba vya chuma. Ukikipata kinalia, na wote nyuma yako wanapiga kelele. Utapenda, Yaya. Mimi Jumamosi pale ndipo ninapopumua.

Mdogo wako,
Kalume


Missouri City, 20 Mei 2018

Kalume,

Tunaendelea. Mvua imenyesha mpaka tukaogopa, watu wa huku, tangu mafuriko ya mwaka jana, wakiona mawingu tu wanapandisha viti juu ya meza. Mélissa amekuwa mrefu kunipita. Kwenye jumuiya yetu kumeingia familia mpya kutoka jimbo lingine, ni watu wa kwetu, mtoto wao anaitwa Précieux na ni rafiki wa Mélissa. Baba yake, Papa Précieux, ndiye anayeendesha gari la kwaya.

Aksanti kwa maelezo. Nilikwenda dukani, nikaonyeshwa hiyo uliyoisifu. Ni kama kushika pasi ya mkaa. Hakuna ndogo? Muuzaji alinionyesha moja ya risasi tano, mtutu wake mfupi kama kidole, inaingia mkobani na mkoba unafunga. Niambie hiyo ina ubaya gani.

Na uniambie mtu asiye na mazoezi asimame karibu kiasi gani ili asikose. Na ikipigwa ndani ya nyumba, vijana wanacheza muziki, je, jirani atasikia?

Nijibu upesi. Leonce amesema atapita tena kabla ya mwezi kwisha.

Cécile


Grand Prairie, 27 Mei 2018

Yaya,

Tania mzima. Mimi mzima. Leo salamu zinatosha hapo.

Kwenye mashindano hakuna mtu anayeuliza kama bastola inaingia mkobani. Tunaifunga kiunoni mchana kweupe, kila mtu anaiona. Hakuna anayeuliza asimame karibu kiasi gani, kwa sababu mstari umechorwa chini na wote tunasimama nyuma yake. Na hakuna anayeuliza kuhusu jirani!

Nimekupigia simu ukaniambia habari za mvua. Nimepiga tena, ukampa Mélissa aongee nami. Yaya, ni nani? Kuna mtu anakufuata kazini? Kuna mwanamume anakutisha? Niambie nije, naweza ku-drive hata leo, ni saa chache tu. Ila swali la bastola ndogo sitakujibu. Hata ukininunia mwaka mzima sitakujibu.

Au ni wewe mwenyewe? Umechoka na maisha? Nijibu hilo kwanza, hata kama mengine hutaki.

Kalume


Missouri City, 15 Julai 2018

Mdogo wangu,

Leonce alipelekwa upande wa Atlanta, ndiyo sababu umekaa bila barua. Pole. Usihofu, siwezi kujigusa, nina mtoto. Hakuna mwanamume anayenitisha. Afadhali angekuwepo, ningempiga na ufagio.

Nitasema mara moja, na wewe utasoma mara moja halafu uichane.

Unakumbuka bariera ile, walipoangusha gogo barabarani wakatushusha kwenye gari, tukiwa tunatoka mjini Baraka, sisi na Baba. Walitulaza kifudifudi. Mimi uso wangu ulikuwa ndani ya vumbi, sikuona kitu, nilibaki na masikio tu. Yule mmoja alipita juu yetu na fimbo akigusa vichwa: “Mzigo, mzigo, mzigo, mtu.” Aliyeitwa mzigo aliachwa pale chini. Aliyeitwa mtu alisimamishwa. Alikuwa anacheka, Kalume, alikuwa anasema kwa kuimbaimba. Alipofika kwa Baba akasema mtu. Wakampeleka nyuma ya migomba. Tulisikia wote wawili tulichosikia.

Mwezi wa pili nilikwenda kumchukua Mélissa kwaya. Vijana walikuwa wamejipanga kuingia garini. Papa Précieux alikuwa anapita na kitabu cha nyimbo amekikunja, anawagusa vichwa. “Mzigo, mzigo, mzigo, mtu!” Wakacheka wote. Aliyekuwa mtu anakaa kiti cha mbele. Siku ile mtu alikuwa mwanangu.

Sauti ile ile! Kuimbaimba kule kule! Nilirudi nyumbani na gari sijui nililiendeshaje.

Sasa unajua bastola ni ya nini. Naweza kuwa nimekosea, masikio yanaweza kukosea, nami siwezi kumfanyia mtu jambo kama hilo kwa masikio tu. Lakini wewe hukuweka uso chini. Nilikuwa nakusukuma kichwa na wewe unakiinua. Wewe ulimwona. Tulipofika kambini ulikaa kimya msimu mzima, Mama akidhani umekuwa bubu. Hukuwahi kuniambia uliona nini, na mimi sikuwahi kukuuliza. Nakuuliza leo.

Cécile


Grand Prairie, 19 Agosti 2018

Yaya,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kwanza Tania ana mimba. Ndiyo, utakuwa shangazi. Nilitaka kukuambia kwa furaha, sasa angalia ninavyokuambia.

Sura siikumbuki. Nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka viatu, nakumbuka mbuzi aliyekuwa amefungwa juu ya gari. Sura hapana. Na maneno yale labda ni mchezo wa watoto wa upande ule wote, nani ajuaye. Watu wangapi wanaimbaimba wakisema?

Kama ni yeye, kuna polisi, kuna watu wa serikali wanaofuatilia mambo kama hayo. Kuna padri. Najua utasema polisi watamwita mkalimani, na mkalimani ni wa jumuiya ile ile, na kesho yake habari iko kwenye kila jiko la Missouri City. Sawa. Lakini fikiria Mélissa. Wewe utafungwa, na yeye atalelewa na nani, mimi? Mimi nisiyeweza hata kumsuka nywele?

Yaya, kama unataka bastola kweli, chukua ile nzito. Njoo huku upige vibamba mpaka mikono iume. Nakuomba. Nakupigia magoti kwenye karatasi, maana kwenye simu hunipi nafasi.

Kalume


Missouri City, 7 Oktoba 2018

Kalume,

Hongera kwa Tania. Mwambie ale, asijifanye mwembamba.

Nimeshanunua. Ni ile ndogo.

Mélissa atapata kipaimara mwezi ujao, tarehe tatu, na karamu itakuwa hapa nyumbani. Wewe ni mjomba wake. Unajua kazi ya mjomba siku hiyo: anasimama mlangoni na birika na beseni, anamnawisha kila mgeni mikono kabla hajala, na hamruki hata mmoja. Jumuiya yote nimeialika. Naye nimemwalika, na amesema atakuja.

Utasimama naye uso kwa uso. Baada ya hapo utaniangalia. Ukitikisa kichwa, siye, na mambo yameisha. Ukiinamisha kichwa, ni yeye. Neno lako ndilo nitakalolifuata, Mungu ni shahidi wangu. Usipokuja, nitafuata masikio yangu.

Cécile


Grand Prairie, 11 Novemba 2018

Yaya,

Tulifika salama. Njiani tulisimama mara mbili, Tania alikuwa anatapika. Anakushukuru kwa sombe, yale majani ya muhogo, amesema hajala sombe kama ile tangu aje nchi hii. Mélissa alipendeza sana na gauni lile, na alivyosoma lile somo kwa Kiswahili, hata kama alikuwa anayakwaruza maneno, nililia. Umeniona nikilia.

Nilitikisa kichwa ukaniona. Naandika na hapa ili isiwe na shaka. Siye. Yule wa bariera alikuwa mrefu zaidi, na alikuwa na kovu juu ya jicho. Papa Précieux hana kovu. Ni mzee tu mwenye mizaha mibaya. Siye, Yaya.

Sasa ile ndogo irudishe. Ulisema neno langu ndilo utakalolifuata.

Wa kwako,
Kalume


Grand Prairie, 20 Januari 2019

Yaya,

Leonce amekuja mara tatu mikono mitupu. Namuuliza, ananiambia umesema hakuna barua. Nikipiga simu unaniambia Mélissa ana mtihani, umeacha sufuria jikoni, kwaheri. Nimemuuliza Mélissa kisirisiri kama Papa Précieux mzima. Kaniambia ndiyo, kwani vipi, mjomba? Nikasema nilipenda mizaha yake.

Jumamosi siendi tena uwanjani kama zamani. Nilikwenda wiki jana, sikupata kibamba hata kimoja. Kiplagat akafikiri mikono imeshikwa na baridi, akanipa glavu zake. Mzee anayesimamia mstari akaniambia niweke silaha chini nikapumzike. Nilikaa kwenye gari mpaka wengine walipomaliza.

Tania anauliza kwa nini naamka nikienda kusimama dirishani. Ninamwambia ni kwa ajili ya mtoto anayekuja.

Yaya, niandikie. Hata tusi moja. Ile ndogo iko wapi?

Kalume


Missouri City, 17 Februari 2019

Kalume, mtoto wa mama yangu,

Tusi nitakupa baadaye, kwanza salamu. Tuko hai sote. Tania nimemtumia khanga mbili za kumbebea mtoto na unga wa muhogo, Leonce asiseme umemwagika njiani. Mélissa amefaulu mtihani. Siku hizi yeye na vijana wengine nawabeba mimi kwenda kwaya, nimebadilisha zamu hotelini. Papa Précieux alisema nimemsaidia sana, maana macho yake yanachoka.

Nilikaa kimya kwa sababu kila nikishika kalamu nilitaka kukuita mwongo, na sikutaka neno hilo liwe kwenye karatasi. Sasa limeshakuwa, basi.

Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni siku ile, mkoba begani. Unajua nilichokuwa nacho ndani. Wageni waliniuliza kwa nini nimebeba mkoba ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikawaambia nasubiri simu. Nilikutazama tangu mgeni wa kwanza. Kila mmoja ulimmwagia maji ya kulowesha vidole, ukampa kitambaa, ukamtania, ukamwita anayefuata. Ulikuwa mjomba hasa, nilijivunia.

Akafika yeye. Akanyoosha mikono. Ukamwangalia usoni, halafu ukaangalia mikono, ukaanza kumwaga. Ukamwaga, Kalume. Maji yakajaa beseni, yakamwagikia viatu vyake, na wewe unamwaga tu. Yakaisha. Birika likawa tupu na wewe bado umeliinamisha, na yeye amenyoosha mikono, anangoja, hajui kama acheke. Halafu ukageuza uso, ukanitafuta kwa macho, ukatikisa kichwa.

Kovu juu ya jicho! Uliniambia unakumbuka viatu na mbuzi tu, sura hukumbuki, leo umekumbuka kovu. Hata kudanganya hujui, hukuwahi kujua, ndiyo maana kambini ulinyamaza.

Nilikuwa nimeapa kufuata neno lako, nami sikusema liwe neno la kweli. Nilisimama pale nikakuangalia mkono wako ulioshika birika. Niliona Tania amekaa nyuma yako na tumbo lake. Niliona Mélissa anacheka na Précieux, mtoto ambaye hajui chochote na ambaye pia ana baba mmoja tu. Sijamsamehe yule mtu. Mtu yeyote asikuambie kwamba nimemsamehe. Jumapili kwenye kupeana amani natazama paa. Polisi nitawafikiria, na padri nitamfikiria, na safari hii sitakuuliza uliona nini, wala wewe usinieleze mpaka siku utakapoweza mwenyewe.

Ile ndogo nimeirudisha dukani. Nimechukua kama yako, nzito, chuma kitupu, inchi nne. Nimeijaribu kwenye mkoba: haiingii hata ukitoa vyote. Mwanzoni sikupata kitu, mkono uliniuma mpaka bega. Juzi nimekipata kibamba kimoja, kikalia, na wanawake wote nyuma yangu wakapiga kelele kama ulivyosema. Nililia mbele yao, wakadhani ni furaha. Mwezi ujao nakuja huko, uniandikishe kwenye Jumamosi yenu. Rudi uwanjani, sitaki kushindana na Kiplagat peke yake.

Wewe siku ile, nilipokufuata mlangoni na maji, ulidhani nimekuja kukujazia birika tu ili umalize wageni. Uliona kwamba niliuacha mkoba jikoni kwanza? Nilikuja kukushika mkono, mdogo wangu, kama nilivyokushika kichwa pale barabarani, na safari hii niliweza kukusaidia.

Yaya wako,
Cécile